Bisha Hodi Kabla ya Kampeni



Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 unakuja, na tayari ukikaa hotelini kunywa chai utasikia watu wakihesabiana makabila. Nakuandikia mapema kwa sababu maneno hayo nayajua, na najua yalikotufikisha.

Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007 kulikuwa na mazungumzo ya miaka mingi. Mtu aliyezaliwa Bonde la Ufa, akalima na kuzika wazazi wake huko, aliitwa mgeni. Kisha akaitwa doa, na mikutanoni watu wakaambiwa waondoe madoadoa. Mengine yalisemwa redioni kwa lugha za mama, mengine sebuleni huku watoto wakisikiliza. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, aliyeshika panga alikuwa ameshafundishwa amwone jirani yake kama nani. Siku mbili baadaye kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu waliokimbilia humo wangali ndani. Kabla ya ghasia kutulia zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa, na zaidi ya 600,000 wamehama makwao. Walikuwapo waliopanga na waliolipa, nao wana hesabu yao. Lakini mipango yao ilipata watu tayari, na utayari huo tuliutengeneza sisi kwa midomo yetu.

Sasa nikupeleke Wajir, kaskazini mashariki mwa nchi, maana huko nako watu waliongea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukame ulikuwa umemaliza mifugo, dola la Somalia lilikuwa limeanguka na bunduki zikivuka mpaka, na uchaguzi wa 1992 uliziacha koo zikiuana. Hata soko liligawanyika. Mama wa ukoo huu hakununua kwa mama wa ukoo ule. Usiku mmoja wa risasi, mwanamke kijana aliyeitwa Dekha Ibrahim Abdi alijificha na mtoto wake chini ya kitanda. Kulipokucha, mama yake mzazi alimsimulia kwamba miaka ya 1960 Dekha mwenyewe, akiwa mdogo, alifichwa vivyo hivyo. Fikiria uzito wa asubuhi ile: bibi, mama na mjukuu, na hofu ileile.

Dekha na wenzake wachache wa koo mbalimbali wakaanza kukutana. Siasa waliiweka kando kwanza, wakaanza na soko: kila mwanamke, wa ukoo wowote, awe huru kuuza na kununua. Wakaweka kamati ya akina mama kulinda makubaliano hayo, na kila ugomvi ulipozuka waliuwahi. Soko likarudi kuwa la wote. Ndipo walipowaendea wazee. Kikao kiliongozwa na wazee wa koo ndogo zisizokuwa na upande, uamuzi wa busara sana, kwani hakuna aliyehisi ameitwa kwa hasimu wake. Mwaka 1993 wazee wakafikia Azimio la Al-Fatah, lililoeleza namna ya kulipia damu na mifugo iliyoibwa. Kufikia 1995 juhudi hizo zilikuwa na kamati moja ya amani iliyowaweka pamoja akina mama, wazee, vijana, mashehe na maofisa wa serikali, na wilaya nyingine zikaiga.

Nchi ilipowaka moto mwisho wa 2007, Dekha alikuwa miongoni mwa Wakenya waliokusanyika katika hoteli ya Serena jijini Nairobi, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo. Walifungua kikao ambacho mwananchi yeyote angeweza kuingia, akalia, akakasirika, akapendekeza. Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa walipokuja kuwapatanisha wakubwa wa siasa, wananchi walikuwa wameshaanza kusemezana. Mkataba wa wakubwa hao ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Dekha alifariki mwaka 2011, baada ya ajali ya barabarani.

Ndugu yangu, sikuombi uache siasa. Bishana kuhusu bei ya unga, ushuru, shule na barabara, tena bishana kwa nguvu. Ninachokuomba ni kwamba katika kikundi chenu cha WhatsApp, mtu akiita kabila zima kwekwe au wadudu, usinyamaze. Mjibu palepale kwa heshima, kisha mpigie simu muongee, maana mbele ya kikundi mtu hulinda uso wake. Mzee wa mtaa, usingoje chifu akuite. Keti na mzee wa upande wa pili, mkubaliane sasa nani atampigia nani uvumi ukianza usiku. Mwalimu, watoto wanayarudia darasani waliyoyasikia nyumbani. Waulize wameyapata wapi, na uwape nafasi ya kusema. Nanyi watangazaji, mnaijua nguvu ya kipindi cha asubuhi kuliko mtu yeyote.

Nawe uliye na jirani wa kabila jingine ambaye tangu uchaguzi uliopita mnasalimiana kwa kichwa tu: mwendee wiki hii. Kampeni zikianza rasmi, hodi yako itashukiwa kuwa ya chama. Bisha sasa.