Lori likichemsha, kifuniko usikiguse

UKIPANDA mlima wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, huenda ukaona lori kuukuu kando ya barabara, boneti juu, mvuke ukifuka, na utingo akikimbia na mtungi wa maji. Mai Mahiu kwa Kikikuyu ni maji moto, na maji hayo ndiyo yanayounguza vijana wengi wa kazi hii. Hebu tuone ni kwa nini.

Dizeli inapoungua, karibu thuluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayosukuma lori. Nyingine hupotea na moshi, na sehemu kubwa ya iliyosalia huingia katika chuma cha injini. Isipoondolewa, pistoni zitakwama.

Kazi hiyo hufanywa na maji. Pampu huyazungusha ndani ya injini, kisha hufika kwenye thamostati. Hiki ni kilango kidogo ambacho katika malori mengi hufunguka kwenye digrii 80 hivi. Maji huingia katika rejeta, hupita kwenye vijibomba vyembamba huku feni ikivuta hewa ya kuyapoza, kisha hurudi katika injini.

Katika malori mengi ya zamani, feni na pampu huzungushwa na mkanda mmoja. Ukilegea, vyote viwili huzembea pamoja. Tena mlimani, lori lenye mzigo hutambaa kwa gia ya chini. Injini hutoa joto jingi, ilhali upepo wa mwendo ni haba.

Pia kuna suala la kimo. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi huchemka kwa digrii 94 hivi, na Limuru yapata 93. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kikawekwa springi. Huyabana maji kwa presha, kama ile sufuria ya kuivisha maharagwe upesi, yasichemke mapema. Yanaweza hata kupita digrii 100 yakiwa bado maji.

Sasa wewe mwanafunzi, fikiria mtu akikifungua ghafla. Presha hutoweka, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,500 kuliko maji uliotoka. Hauna njia ila kumrukia aliyeinama juu yake, pamoja na maji yanayotokota.

Basi, iwe ni lori lililobeba vyombo vyenu mkihama au la jirani, mwambieni dereva azime injini na kusubiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika bila kuunguza. Kisha afunike kifuniko kwa kitambaa kizito, akizungushe kidogo na kuacha presha itoke yote kabla ya kukiondoa. Maji yatiwe polepole, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa juu ya chuma cha moto huweza kukipasua.

Na mtu akiungua, mwagilieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpelekeni hospitalini. Msimpake dawa ya meno wala siagi.

Haraka haraka haina baraka. Kwenye rejeta, huondoka na ngozi ya uso.