Kijana Anapokwenda katika Maandamano

Nyumba za Picha ya Ndege, pale Kibaha, ziko kando ya barabara ya Morogoro, na kijana akitaka kwenda Dar es Salaam hupanda gari asubuhi akafika Mbezi mapema. Januari 24, 2024 baadhi ya waandamanaji wa CHADEMA walianzia hapo Mbezi wakaenda hadi ofisi za Umoja wa Mataifa. Polisi waliwasindikiza, na siku ikapita kwa amani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mji ule ule uliona mengine: watu waliuawa, mali ikachomwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, na intaneti ikakatwa nchini kote. Wazazi wakakaa macho, wasijue wana wao wako wapi.

Hatuandiki haya kuwakataza vijana. Ibara ya 20 ya Katiba yampa mtu uhuru wa kukutana na wenzake na kutoa mawazo hadharani, na sheria ya polisi yataka taarifa itolewe saa 48 kabla. Basi mzazi na amwulize mwanawe: taarifa imetolewa? Polisi wamejibu nini? Ikiwa wamepiga marufuku, hatari ni nyingine kabisa, na kijana aijue kabla hajavuka mlango.

Mwaka wa 6 wa Hijra Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na watu wapatao 1,400 kwenda kufanya umra, wamevaa ihramu, hawana silaha ila panga zilizo alani. Aliposikia ya kuwa wapanda farasi wa Kureshi wamngoja mbele, hakuwaendea. Aliiacha njia ile akashika nyingine iliyo ngumu zaidi, hata akafika Hudaibiya. Huko ukaenea uvumi kwamba Sayyidna Uthmani, aliyepelekwa Makka kuwa mjumbe, ameuawa. Masahaba wakala kiapo chini ya mti, vita viko karibu. Kumbe Uthmani yu hai! Sulhu ikaandikwa, wakarudi Madina bila ya kuiona Kaaba, na wengi mioyo iliwauma. Mwaka uliofuata wakaingia Makka.

Twautazama sana uvumi ule. Umati uliokwisha kukasirika, akitokea mtu akapiga kelele, "Wamemwua fulani!", hauulizi nani ameona. Na intaneti ikikatwa, uvumi ndio huwa gazeti la mji. Kijana asiseme asiloliona kwa macho yake.

Arushaye jiwe la kwanza aghalabu hata walioitisha maandamano hawamjui. Wasimamizi, waliovaa kitambaa cha rangi moja, wamwite kando kwa sauti ya chini. Wengine wasimshangilie, bali waondoke karibu naye. Askari naye ni mtoto wa mtu, pengine amesimama juani tangu alfajiri, na tusi la mama humwasha kuliko jiwe. Lakini mwenye bunduki ndiye mwenye dhima kubwa. Kijana anayekimbia hastahili risasi ya mgongoni, na hilo twalisema wazi.

Nyumbani mpatane kabla: atafuatana na nani, atarudi saa ngapi, wakipotezana wakutane wapi. Namba ya simu ya mzazi aiweke kichwani na katika karatasi mfukoni, maana simu huanguka, huzimika, huchukuliwa. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Atembee pembeni mwa umati, akizijua njia za kutokea. Umati ukisukumana, mikono aiweke mbele ya kifua apate kupumua, wala asiiname kuokota kandambili. Moshi wa machozi ukipigwa, asifikiche macho. Atoke kwenye moshi, aelekee unakotoka upepo, na anawe kwa maji safi mengi. Akikamatwa asishindane. Aulize sababu, kwani sheria yamtaka anayekamata aieleze, na awatajie wenzake jina lake kwa sauti ili habari ifike nyumbani.

Akirudi, msimpokee kwa makemeo. Mtazameni kama ameumia. Nguo zenye moshi avulie nje, zifuliwe peke yake, naye aoge kwa maji baridi na sabuni kabla ya kumpakata mdogo wake.