Pesa ya Nyumba Isichanganywe na Pesa ya Nyumbani

Kila Desemba, magari yakishashukisha watu Kitale, Webuye na Bungoma, kuna kikao ambacho hakikosi katika boma nyingi. Mama amezeeka na nyumba yake inavuja, au kitinda mimba ameoa na bado analala kwa simba. Watoto walio Nairobi, Mombasa na Saudia wanakubali kuchanga ili nyumba ya pili isimame hapo kando ya ile ya mzee. Kuanzia Januari, pesa zinaingia kwenye simu ya ndugu mmoja aliyebaki nyumbani.

Maoni yangu ni kwamba nyumba nyingi hukwama hapo hapo, kwenye simu ya mtu mmoja.

Huyo ndugu mara nyingi si mwizi. Shida ni kwamba simu yake ndiyo inayopokea kila kitu. Pesa ya simiti inakutana na karo, mgonjwa wa kupelekwa hospitali na matanga ya jirani. Halafu Machi na Aprili mvua inaanza, na Trans Nzoia nzima inatafuta mbolea na mbegu ya mahindi. Nani atakaa na shilingi 30,000 kwa simu aache shamba lipitwe na msimu? Atachukua kidogo akitumaini kurudisha. Ikifika Juni, ukuta umefika linta, mvua inaunyeshea, na wewe unaambiwa simiti imepanda bei.

Kwa hivyo tenganisheni. Pesa ya nyumbani, ile ya chakula na dawa, itumwe kama kawaida. Pesa ya nyumba ipite njia yake.

Kwanza, hati iko kwa jina la nani?

Kabla ya lori la kwanza la mchanga, ulizeni swali hili hata kama linaleta kununiana. Bungoma, mara nyingi shamba ni la urithi na hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Trans Nzoia, mashamba mengi yalikuwa ya walowezi, yakaja mikononi mwa wananchi baada ya uhuru kupitia skimu za makazi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Kuna familia zilizolima hapo miaka mingi bila hati ya jina lao.

Nyumba ya kudumu hufuata ardhi. Ndugu wakigawana shamba baadaye na kile kipande kiangukie mwingine, ujumbe wa malipo ulio kwa simu yako utaonyesha kwamba ulinunua simiti. Hautaonyesha kwamba shamba ni lako.

Fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi, Kitale au Bungoma. Kama mwenye hati amefariki, mirathi inaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inawahesabu mabinti sawa na wavulana, kwa hivyo dada aliyeolewa asiachwe nje. Kugawa shamba la kilimo nako kunahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Hayo huchukua muda, na mama hawezi kungoja akinyeshewa. Basi angalau andikeni makubaliano: nyumba inajengwa sehemu gani, nani amechanga, na itakuwa ya nani mama akishaondoka. Kila mmoja atie sahihi.

Anayeuza ndiye alipwe

Duka la vifaa vya ujenzi lenye nambari ya till unaweza kulilipa ukiwa popote nchini, na mara nyingi mnunuzi hatozwi ada. Piga simu, uliza bei, kisha lipa. Jina la biashara likitokea, lisome kabla ya kuweka PIN. Ndugu yako aende kuchukua mzigo, ahesabu mifuko, atume picha ya risiti.

Taja kitu kwa jina lake. Usiseme tu "mabati", sema geji. Geji 28 ni nzito kuliko 30, na 30 ni nzito kuliko 32. Ukilipia 28 ikaletwa 32, umepoteza pesa bila mtu kukuibia kwa simu. Na usinunue mifuko 50 ya simiti ikae chini ya turubai. Simiti ikipata unyevu inaganda. Nunua ya kazi ya wiki hiyo.

Fundi alipwe kwa hatua

Pesa ya ufundi igawanywe: msingi, ukuta hadi linta, paa, plasta. Kila hatua ikionekana kwa picha, mtumie fundi kwa nambari yake mwenyewe. Fundi aliyelipwa yote mapema ana sababu ndogo sana ya kurudi kwako mjengo mwingine ukimwita.

Pangeni pia na majira. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu upande huu. Matofali yanachomeka vizuri na lori linafika hadi ndani. Kama hela ni kidogo, ni afadhali zikae kwa akaunti ya akiba hadi zitoshe paa kuliko kuacha kuta wazi mvua nzima.

Ati huko ni kutoaminiana?

Najua mtu atasema, "Kwani hamniamini?" Ni swali zito, na pesa haifai kuvunja undugu. Lakini nadhani mpango huu ndio unaomlinda aliyebaki nyumbani. Pesa zote zikipitia kwake, nyumba ikichelewa yeye ndiye atakayelaumiwa, hata kama fundi ndiye aliyetoroka. Malipo yakiwa wazi, hakuna wa kumshuku. Tena mlipeni. Anaamka asubuhi kusimamia vibarua na anaacha shamba lake. Kiasi kijulikane na kitumwe kila wiki kama mshahara. Msimamizi asiyelipwa mnamlazimisha kujilipa.

Jambo la mwisho: mjengo ukianza, majirani wanajua, na matapeli pia. Ukipata ujumbe, "Ile pesa tuma kwa hii namba, yangu ina shida," usitume. Pigia fundi kwa nambari unayoijua, usikie sauti yake. PIN yako usimpe yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu.

Kabla hamjaagana Desemba hii, kaeni na daftari mezani mama akiwepo. Muulizeni anataka mlango uangalie wapi, kisha mwandike nani atalipia msingi.