GAWENI MKINGALI HAI, LAKINI GAWENI KWA HAKI



Sisi tunaohudumu katika Tume ya Haki na Amani tunakwenda misibani kama mnavyokwenda ninyi. Tunasali rozari pamoja nanyi, tunachimba kaburi, tunakula ugali uliopikwa na akina mama wa jumuiya. Kisha matanga yanaanuliwa, wageni wanaondoka, na kikao cha ukoo kinaketi. Hapo ndipo tunaposhuhudia mambo yasiyosemwa mimbarini. Mjane aliyelima alizeti bega kwa bega na marehemu anaambiwa asubiri nje. Mabinti wanaambiwa kwamba wao ni wa kwa watu. Ng'ombe wanahesabiwa, shamba linapimwa kwa hatua za miguu, na msimu wa mvua ukifika jembe la mtu mwingine linaingia pale. Nao waliotoa kauli katika kikao hicho, mara nyingi, ndio wale wale wanaosoma masomo siku ya Dominika.

Hatuandiki haya ili kumwaibisha mtu. Tunaandika kwa sababu kimya chetu kimekuwa ushirika katika dhuluma. Mwenye mali anayekufa bila kugawa wala kuandika anawaachia wenye nguvu kazi ya kugawa. Na anayegawa akiwa hai kwa shabaha ya kuwanyima wanyonge ametenda dhuluma ile ile, ila yeye ameitenda mapema.

Tukiwauliza wazee wetu kwa nini hawaandiki, tunapewa udhuru wa namna tatu.

Udhuru wa kwanza: kutaja kifo ni kukiita

Huu si udhuru wa Mkristo. Isaka, macho yake yakiwa yamefifia, alimwita mwanawe ampe baraka kabla ya kufa. Yakobo aliwakusanya wanawe wote kando ya kitanda chake. Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, ili asibaki bila mtu wa kumtunza. Wazee wetu nao walijua kuwaita watoto na kutoa kauli ya mwisho mbele ya mashahidi. Basi anayesema kwamba wosia ni jambo la kizungu amesahau hata desturi ya babu yake.

Udhuru wa pili: Serikali itakula yote kwa kodi

Uvumi huu umeenea vijijini, nao unawafaa sana wanaopenda mambo yabaki gizani. Tuseme ukweli ulivyo. Tanzania haina kodi ya urithi, wala haina kodi iitwayo kodi ya zawadi. Baba anayempa binti yake mbuzi, mtama au fedha za kuanzia biashara hadaiwi kodi kwa tendo hilo.

Ardhi na nyumba zina utaratibu wake. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kumhamishia mtu umiliki wa nyumba au kiwanja kwa zawadi huweza kuhesabiwa kana kwamba umekiuza kwa thamani ya soko, na mkazi wa nchini hutozwa asilimia 10 ya faida, yaani ya kile kilichozidi gharama zake. Lakini sheria hiyo hiyo imemwachia nafasi mtu wa kawaida. Shamba ambalo thamani yake haifiki shilingi milioni 10, likiwa limelimwa kwa miaka miwili angalau katika mitatu iliyotangulia, halimo. Nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi ndani yake miaka 3 au zaidi nayo haimo, maadamu faida haizidi shilingi milioni 15. Upo pia ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa hati ya kuhamisha umiliki, na kwa ardhi ya kilimo ni shilingi 500 tu. Bunge huweza kubadili viwango kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kwa hiyo ulizeni katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato kabla ya kutia sahihi.

Mkulima wa Ikungi au Mkalama mwenye eka chache za alizeti na vitunguu anaogopa kivuli. Na mwenye maduka na nyumba za kupangisha mjini Singida, ambaye kweli anadaiwa kodi, alipe. Kodi hiyo ndiyo inayonunua dawa za zahanati. Tunalaani hila iliyozuka ya kuandika mauzo ya uongo, ambapo baba anajifanya amemwuzia mwanawe nyumba kwa bei ya kuchekesha ili kuikwepa kodi. Kwanza ni uongo, na uongo ni dhambi. Pili, siku baba atakapofariki, kijana huyo atakuwa na karatasi ya kununua, na mama yake hatakuwa na karatasi yoyote. Tumeona nyumba ya namna hiyo ikimtoa nje yule aliyefyatua matofali yake.

Udhuru wa tatu: mila zinatosha

Mila zipi? Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, linawaweka mabinti katika daraja la tatu, la mwisho. Mjane halimpi fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Na asiye na mtoto je?

Msidhani kwamba cheti cha ndoa ya kanisani kinatosha kuwalinda. Mwafrika Mkristo akifa bila wosia, mahakama huelekea kutumia sheria ya mila, isipokuwa imeridhika kwa maneno ya marehemu au kwa namna alivyoishi kwamba hakutaka mila itumike. Maana yake ni kwamba unaweza kupokea Ekaristi miaka hamsini, kisha mkeo akahukumiwa kama mtu baki nyumbani mwake.

Wapo waliokwisha kupinga. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyekuwa ameachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Lakini mwaka 2006 wajane wawili walipoiomba Mahakama Kuu ilibatilishe Tangazo la 1963, mahakama ilikiri kwamba linabagua, kisha ikakataa kulibatilisha. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba wajane hao walidhulumiwa. Hata Musa, mabinti wa Selofehadi walipomlalamikia, alipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu aliwapa haki. Sisi tunangoja nini?

Zawadi nayo ina mipaka

Tunasema gaweni mkingali hai, wala hatusemi gaweni hovyo. Yoshua bin Sira alimwonya mtu asimpe mwana, mke wala ndugu mamlaka juu yake angali anapumua, asije akajutia na kuomba alichokuwa nacho. Jibakizieni nyumba ya kulala na shamba la kula. Mengine yanayoweza kungoja, yawekeni katika wosia, kwa maana wosia huweza kubadilishwa, na zawadi iliyokwisha kukabidhiwa hairudi kwa urahisi.

Mume asitoe nyumba ya familia peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kutoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ardhi ya kijiji isigawiwe kwa maneno ya kilabuni. Uhamisho wake upitie Halmashauri ya Kijiji na uandikwe. Zawadi iliyotamkwa tu, isiyokabidhiwa wala kuandikwa, ni mbegu ya kesi.

Wosia wa kimila ulioandikwa unahitaji mashahidi wanaojua kusoma na kuandika, wanaoshuhudia kwa wakati mmoja: wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, kama hajui. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie, zaidi ya hao. Nakala isifichwe chini ya godoro. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea na kutunza wosia.

Tunachodai

Kwa viongozi wa jumuiya, makatekista na Halmashauri za Walei: msiketi tena katika kikao cha ukoo kinachomweka mjane nje. Simameni mtoke, au mwingizeni. Msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuleta orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Mwulizeni iko wapi. Mkumbusheni pia kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Asiyeweza kumlipa wakili aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria tangu 2017.

Kwa Serikali na Bunge: Tangazo la 1963 lifutwe. Miaka zaidi ya sitini inatosha.

Kwa baba zetu: kabla ya mavuno yajayo, waiteni wake zenu, wana wenu na binti zenu. Semeni mbele ya wote kila mmoja atapata nini, na kwa nini. Kama kuna jambo mnaloona haya kulitamka mbele ya binti zenu, basi jueni kwamba si haki, wala msiliandike.

Bwana aliwakemea walimu wa sheria waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Tuombe asitukute sisi tukiwa mezani pamoja nao.