Kibali cha karatasi hakisomeki angani

Wadau, kila nikitaja droni na Kiunga kwa pamoja, najibiwa neno moja: usalama. Sawa. Kiunga ipo karibu kabisa na mpaka wa Somalia, na tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Askari akisikia kitu kinavuma juu ya kichwa chake usiku, ana haki ya kujua ni cha nani. Je, kanuni zetu zinamwambia?

Hazimwambii kitu. Kanuni za 2017 zilifutwa na Bunge mwaka 2018. Zilizokuja 2020, chini ya KCAA, zinasema sajili chombo, pata kibali, usipite futi 400, kaa mbali na watu na majengo. Maneno mazuri. Lakini mimi naandika programu kwa riziki, na kwangu sharti lisilo na cha kulitekeleza ni ombi tu. Gaidi haombi kibali. Anayehangaika na fomu ni yule anayetaka kuhesabu viota vya kasa katika hifadhi ya bahari ya Kiunga.

Mtaniambia kiwanda kitaweka kizuizi ndani ya programu. Wapi! Januari 2025 DJI waliondoa kizuizi hicho kwa wateja wao wa Marekani, likabaki onyo kwenye skrini. Ukuta wa jirani haukulindi siku akiamua kuubomoa.

Ninachodai ni droni ijitangaze yenyewe kwa redio, kama Marekani walivyoanza kulazimisha kwa ukali Machi 2024: namba yake, ilipo, na alipo anayeirusha. Asiyejitangaza, askari ajue aanzie kwa nani. Ila tusinakili kama kasuku. Kule hata mpita njia mwenye simu anaweza kumwona mrushaji alipo. Ukifanya hivyo Kiunga umemwuza mtafiti kwa majambazi. Mahali pake pafichwe kwa msimbo, ufunguo wawe kwa KCAA na jeshi. Si kazi ngumu hiyo.

Na ile hatari nyingine, ambayo hakuna anayeitaja? Droni nyingi zikipoteza mawasiliano hurudi pale ziliporukia. Ukiirusha kutoka kwenye mashua na mkondo ukakusogeza, itarudi kwa utiifu mkubwa na kutua baharini. Au juu ya mvuvi. Mtahini wa leseni aulize hilo kabla ya kuuliza futi 400.

Rwanda waliandika kanuni zao wakijua wanataka nini, na tangu 2016 Zipline wanapeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga, hadi kilomita 80 hivi. Kutoka Faza hadi Kiunga, kwa mstari ulionyooka, hazifiki 60. Kwa boti, wakati wa kusi, muulizeni nahodha.