Bustani Yetu: Kidole Kwanza, Maji Baadaye

 

Mliokuwepo hapa Uingereza kiangazi cha 2022 hamjakisahau. Julai 19 joto lilivuka nyuzijoto 40 kwa mara ya kwanza tangu lianze kupimwa nchini, na baadaye sehemu kadhaa zikapigwa marufuku kumwagilia kwa mpira. Mwaka ule ndio nilikabidhiwa tuta la maua la chama, lile la nyuma ya idara, kwa sharti la mtunza bustani: maua yakifa, tuta linarudishwa kuwa nyasi. Mimi mtoto wa Tanga nikajiambia, jua la Wazungu litanifanya nini?

Tulikuwa na haidrenja tatu. Kila nikipita mchana naikuta mmoja imelegeza majani kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa. Naimwagia. Kesho yake imelegea tena, naongeza. Mwezi haukuisha, majani ya chini yakawa manjano, na nilipoivuta ikang'oka bila kazi, mizizi myeusi, inanuka. Katikati ya ukame, nilikuwa nimeizamisha!

Mtunza bustani hakunigombeza. Alichomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, akanionyesha: tope. Jua likiwa kali, majani hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata kama ardhini yamo. Jioni husimama yenyewe. Kwa hiyo ua lisiulizwe saa saba mchana. Liangalieni asubuhi na mapema. Likiamka limelegea, huenda lina kiu kweli. Hata hapo kidole kitangulie, kwa sababu mizizi iliyooza kwa kukosa hewa nayo hulegeza majani vilevile, na ukiiongezea maji unaimaliza.

Kidole kikitoka kikavu, mwagia maji ya kushiba, polepole, chini kwenye shina, kisha acha siku kadhaa. Kikombe kimoja kila siku hulowesha juu tu, na mizizi hubaki huko huko juu inakoungua. Maua ya vyungu yana sheria yake: udongo wake ni kidogo, kwenye joto kali yanaweza kutaka maji kila siku. Miche mipya nayo isisubirishwe. Nyasi ziacheni ziwe kahawia, mvua itazirudisha.

Bibi yangu humwagia asmini yake jioni maji aliyooshea mchele. Zamani nilidhani ni ubahili. Siku hizi pilau ya chama ikipikwa, ndoo ile ni yangu.

Haidrenja mbili zilipona na tuta bado tunalo. Mwaka huu nitakuwa Tanga wiki sita, natafuta watu wawili wa kupokezana. Debe liko nyuma ya mlango wa stoo. Kidole njooni nacho.