Katiba haina chama

Inchi yetu inasahau upesi.

Tarehe 5 Septemba 1960, Kasa-Vubu na Lumumba walifukuzana kwa kazi. Kila upande ulipigia mkubwa wake makofi. Nyuma ya siku tisa, Mobutu akaingia katikati. Mwaka 1965 Kasa-Vubu akagombana na Tshombe. Mobutu akarudi, na ile mara akabakia miaka 32.

Tulijifunza nini? Januari 2015 vijana walikufa mu barabara juu ya kukataa sheria ya uchaguzi yenye ingeongezea Kabila wakati. Leo, wengi waliosema ile siku kama Katiba haiguswe wanataka ibadilishwe. Na wale waliotaka kuichezea wanajiita walinzi wake. Kifungu cha 220 ni kile kile. Kilichobadilika ni nani anakalia kiti.

Sisi hatuulize uko wa chama gani. Tunauliza: kama mpinzani wako angefanya hivi, ungenyamaza? Kama hapana, basi usinyamaze juu ni mtu wenu.

Wakubwa wanapita. Inchi inabakia, na sisi ndani yake.